Koti Lako la Mvua Linavuja Kweli? Lipime Nyumbani kwa Mpira wa Maji

Habari zenu wadau, karibuni tena hapa Moshi. Leo kabla sijashika koti lolote, sogeeni muone hili jani la gimbi. Nimelichuma sasa hivi kando ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba. Nalimiminia maji kwa kijiko. Mmeona? Jani halilowi. Maji yanajiviringa kama shanga, yanakimbilia katikati, na nikiliinamisha yanadondoka yote. Nikipitisha kidole pale yalipokuwa, pakavu kabisa.

Hili sasa ni bega la jaketi langu la mlimani. Kijiko kilekile, maji yaleyale. Tone linakaa kidogo, linatanuka, kisha kitambaa kinalinywa na kubaki na doa jeusi. Swali kwenu: jaketi hili linavuja?

Mimi niliwahi kusema ndiyo, tena kwa sauti ya juu. Nililinunua mtumba pale soko la Memorial, lebo ya ndani imeandikwa 20,000, si bei bali namba ya kuzuia maji, nikapanda nalo Kilimanjaro kwa njia ya Machame mwezi wa nne, masika yenyewe. Hatujatoka hata msituni, shati limeloa mgongo mzima. Niliporudi nikamfuata mama aliyeniuzia, nikamwambia ameniuzia kitu kibovu. Hakubishana. Aligeuza mkono mmoja wa jaketi ndani nje, akaufunga mwisho kwa kamba, akamimina jagi zima la maji, akautundika kwenye msumari wa kibanda chake. "Kaa hapo mwanangu, tunywe chai." Tukanywa chai hadi ikaisha, halikudondoka hata tone. Maji yaliyoniloanisha mlimani yalikuwa jasho langu mwenyewe.

Basi tangu siku hiyo sinunui koti kwa kusoma lebo, napima. Na wewe utapima leo.

Vitu vya kuandaa. Mpira wa maji unaoonyesha ndani, unene wa inchi moja, urefu wa mita mbili na nusu. Maduka ya vifaa vya ujenzi wanakukatia. Ni ndugu wa ule mpira mafundi wanaopigia leveli ya msingi, ila huu mnene zaidi. Ukanda wa tyubu kuukuu ya baiskeli. Tepu ya cherehani, maka peni, kikombe chenye alama za mililita, tishu, na glasi mbili za kioo. Nguo za kupima ninazo tatu: jaketi jepesi la nailoni la kuzuia upepo, suti ya mvua ya bodaboda, ile ya plastiki, na hili jaketi langu lenye kesi.

Hatua ya kwanza, uso wa nje. Uso wa jaketi zuri hupakwa dawa inayofanya kazi kama nta ya jani la gimbi: maji yanapendana yenyewe kwa yenyewe kuliko yanavyokipenda kitambaa, kwa hiyo yanabaki matone na kuteleza. Maabara hupima hivi: kitambaa kinawambwa kwa mlalo wa nyuzi 45, wanakinyunyizia mililita 250 za maji kutoka sentimita 15 juu, kisha wanakikung'uta na kukipa alama. Hakikushika kitu, 100. Kimeloa chote mbele na nyuma, sifuri. Sisi tunatoboa kizibo cha chupa matundu kumi na tano hivi, tunaegemeza ubao ukutani, tunanyunyiza. Jaketi la upepo, shanga tupu, linapendeza. Suti ya boda, maji yanateleza. Jaketi langu, begani limelowa lote, kifuani nusu nusu. Ukiishia hapa utalitupa jaketi langu na kubaki na lile la upepo, na utakuwa umekosea vibaya.

Hatua ya pili ndiyo yenyewe. Chukua sehemu ya kitambaa isiyo na mshono, uso wa nje uangalie ndani ya mpira, maana huko ndiko mvua itakakotoka. Funika mdomo mmoja wa mpira, zungusha ukanda wa tyubu mara tano, sita, kaza mpaka vidole viume. Tundika mpira wima, mdomo uliofungwa uwe chini. Kwa maka peni weka alama tatu kuanzia kwenye kitambaa kwenda juu: sentimita 82, 133 na 204. Alama hizo nitazieleza sasa hivi.

Mimina maji kwa juu. Kwa mpira wa inchi moja, mililita 50 zinapandisha maji sentimita 10. Mimina 50, subiri dakika moja, mimina 50 nyingine. Usifanye haraka, maabara nazo hupandisha kwa mwendo huohuo, sentimita 10 kwa dakika. Chini weka tishu kavu, na macho yako yawe katikati ya kitambaa, si pembeni. Pembeni ukanda ukilegea maji yatachuruzika na kukudanganya. Tone la kwanza likichomoza, andika kimo. Endelea. Hesabu rasmi inafungwa tone la tatu linapochomoza mahali pa tatu.

Kuna atakayeuliza, mpira mwembamba hivi unawezaje kuiga mvua ya masika? Fikiria tangi juu ya mnara. Maji yanatoka bombani kwa nguvu kwa sababu tangi liko juu, upana wa bomba hauna neno. Hapa ni hivyohivyo, kimo ndicho kinachosukuma. Na ile 20,000 kwenye lebo yangu ni milimita za maji: mita 20, jengo la ghorofa sita. 10,000 ni mita 10.

Tazama jaketi la upepo. Sentimita 20, kimya. 30, kitambaa kimevimba kama shavu la mpiga tarumbeta. 35, hilo hapo tone la kwanza, linang'aa kwenye uzi. 41, la tatu. Kwisha habari. Shanga zote zile za mwanzo zilikuwa urembo wa juu. Nyuma yake hakuna kitu, ni nyuzi na matundu kati ya nyuzi. Litakufaa kwa manyunyu ya kutoka dukani hadi nyumbani.

Suti ya boda: alama ya 82 imepita, 133 imepita, 204, tishu kavu. Jaketi langu: 82, 133, 204. Kavu. Kwa nje limelowa kama tambara la deki, ila kwa ndani hakuna kilichopita. Kumbe yule mama alijua.

Sasa zile alama. Ulaya wana kiwango cha nguo za kazi za mvua, EN 343, na nguo hizo tunazipata sana mitumbani, yale makoti ya njano au chungwa yenye mistari ya kumeremeta. Ndani tafuta kamchoro ka mwavuli kenye namba pembeni. Namba ya juu ni ya kuzuia maji, kuanzia 1 hadi 4. Ya chini yake ni ya kupitisha jasho. Katika toleo la 2019 daraja la 1 na la 2 yanadai kama sentimita 82 za maji, la 3 kama 133, na la 4 kama 204. Basi daraja la juu kabisa ni mita mbili tu na ushee! Mbona madukani wanatamba na mita 20? Kwa sababu kiwango hiki, ukiacha daraja la 1, kinakitesa kitambaa kwanza: kinafuliwa, kinasuguliwa, kinakunjwa na kukunjuliwa, kinapakwa hata mafuta, ndipo kinawekwa kwenye maji. Zile namba kubwa za madukani mara nyingi ni za kitambaa kipya. Kwangu mimi, 3 iliyotoka kwenye mateso naiamini kuliko 20,000 ya lebo.

Si kwamba namba kubwa haina kazi. Dereva wa boda mwenye kilo 60 akikalia sentimita za mraba 600 anakandamiza kitambaa sawa na mita moja ya maji. Piga magoti kwenye tope ukifunga mnyororo, uzito uleule uko kwenye sentimita za mraba 100, hiyo ni mita 6. Ndiyo maana suruali huanza kupitisha maji kwenye makalio na magoti, na jaketi kwenye mabega chini ya mikanda ya begi.

Hatua ya tatu, mishono. Mpira hauwezi kazi hii, maana mshono una kifundo na ukanda haukazi vizuri. Tumia njia ya mama wa Memorial. Hii suruali ya suti ya boda naigeuza ndani nje, nafunga miguu, namimina ndoo ndogo. Subiri. Angalieni hapa kwenye msamba: moja, mbili, tatu, matone yamejipanga kwenye mstari kama askari wa gwaride. Hayo ni matundu ya sindano. Kitambaa kilichoshinda mita mbili kinashindwa na maji ya kimo cha kiganja, kwa sababu mshonaji hakuyaziba matundu kwa utepe kwa ndani. Kwenye jaketi langu utepe upo kila mshono, huu hapa, upana wa kidole. Ukinunua mtumba, geuza ndani na uufuate utepe huo kwa ukucha kuanzia kwapani hadi shingoni. Ukibanduka sehemu moja, utabanduka na kwingine.

Hapohapo ndani chungulia kitu kingine. Makoti mengi yamepakwa poliyurethani kwa ndani, na unyevu na joto vinaivunja taratibu hata koti likiwa kabatini. Ukiona inabanduka maganda, au inanata na kutoa harufu ya uvundo, rudisha, hata kwa bei ya bure. Hiyo haina fundi. Watu wa Tanga na Dar, msikunje koti bichi mkaliweka kwenye begi.

Maabara kubwa wana na mnara wa mvua: sanamu la mtu linavishwa koti zima, linapigwa matone yanayoanguka kutoka mita 5, kisha wanaangalia ndani palipoloa. Zipu, kola, mifuko, yote yanaumbuka hapo. Sisi tutamtuma mdogo wetu asimame chini ya bomba la bafuni dakika kumi, ameshika tishu mifukoni.

Hatua ya nne, jasho. Glasi ya maji ya moto, juu yake kitambaa cha suti ya boda, juu ya kitambaa glasi nyingine nimeipindua. Pembeni nafanya hivyo hivyo na jaketi langu. Baada ya dakika chache: glasi ya jaketi langu ina ukungu, ya suti ya boda safi kabisa. Mvuke wa suti umebaki chini, na ndio unaokutiririka mgongoni. Ni tatizo la zamani sana. Mwaka 1823 Charles Macintosh wa Glasgow alipata hataza ya kubandika mpira ulioyeyushwa kati ya vitambaa viwili. Mvua ilizuiwa, aliyevaa akabaki akitokota. Suti ya boda ni mjukuu wa koti lile.

Dawa yake ilipatikana mwaka 1969, mhandisi Mmarekani Bob Gore alipokuwa akivuta PTFE, plastiki ileile inayopakwa kwenye vikaango visivyogandisha mayai. Kuivuta polepole kulishindikana, akaivuta kwa ghafla, ikatanuka na kujaa matundu madogo mno: tone la maji halipenyi, mvuke unapita. Utando wa namna hiyo ndio umekaa katikati ya jaketi langu. Lakini mvuke unataka pa kwenda. Uso wa nje ukilowa chepechepe, njia inazibwa na maji, jasho linarudi. Ndicho kilichonikuta Machame. Na ndani ya ule msitu hewa yenyewe imeshiba maji, hivyo hata koti la bei mbaya litakulowesha ukipanda mbio. Fungua zipu za kwapani, punguza mwendo.

Sasa tulitibu. Fua kwa mkono, sabuni kidogo ya maji, usitie kilainishi, maana kinaacha mabaki yanayovuta maji. Suuza mara tatu mpaka povu liishe. Anika kivulini likauke. Kisha pasi ya moto mdogo kabisa, bila mvuke, na kitambaa cha pamba katikati. Moto unaamsha dawa iliyolala. Suti ya plastiki usiiguse kwa pasi, itaganda. Yenyewe zibeni matundu ya msamba kwa gundi ya viatu, mstari mwembamba kwa ndani, mkijaribu kwanza mahali pasipoonekana.

Dawa ikiwa imekwisha kabisa kuna za kupulizia. Tafuta iliyoandikwa haina PFAS. Kemikali hizo hazivunjiki kwa urahisi ardhini wala majini, na California imezipiga marufuku kwenye nguo nyingi tangu Januari 2025. Hizo mpya hazifukuzi mafuta vizuri, kwa hiyo koti litataka kufuliwa mara nyingi zaidi. Mimi naona ni sawa tu.

Hili hapa jaketi langu, limetoka kwenye pasi sasa hivi, bado vuguvugu. Kijiko cha maji kifuani: shanga, zinakimbia. Mgongoni: shanga. Begani, pale mkanda wa begi unaposugua... hapana, bado linakunywa. Pamelika. Hapo napulizia kesho, nikishalianika.