Irabu za Mlimani: Kondoo, Mimba na Hewa Nyepesi

Assalam aleikum, na hamjambo nyote. Ahsanteni kwa kuja ukumbi huu wa Tononoka, Mombasa, na joto hili, hali feni mbili kati ya nne hazizunguki. Pale mlangoni mzee mmoja amenishika mkono, akaniuliza: "Mwalimu, sisi tuko usawa wa bahari. Mifugo ya milimani yatuhusu nini?" Nimemwomba asubiri, nitamjibu.

Wahispania walipoingia Peru, makao yao makuu yalikuwa Jauja, kiasi cha mita 3,400 juu ya bahari. Mwaka 1535 wakahamia pwani wakajenga Lima. Walikuwa na sababu kadhaa, na mojawapo ni kwamba farasi, nguruwe na kuku waliokuja nao hawakuzaana kule juu, au vitoto vilikufa. Na papo hapo llama wa wenyeji, wanyama wa mizigo jamaa ya ngamia, walikuwa wakizaa bila shida. Hewa moja, mmoja azaa, mwenziwe hazai.

Watu husema mlimani oksijeni hupungua. Si hivyo hasa: katika hewa, sehemu ya oksijeni ni asilimia 21, hapa na kileleni. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Ukifika mita 3,800 umebaki na chini ya theluthi mbili ya mgandamizo wa hapa Mombasa, kwa hiyo pumzi ile ile inaingiza oksijeni haba.

Llama ana hemoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, inayoikamata oksijeni kwa nguvu. Yaki, yule ng'ombe wa manyoya wa Tibet, mishipa ya mapafu yake haijikazi ovyo hewa ikiwa nyepesi. Ya ng'ombe wetu wa kawaida hujikaza. Akipandishwa mlimani moyo husukuma hadi uchoke, maji yanajaa kidarini. Glover na Newsom waliueleza ugonjwa huo Colorado mwaka 1915. Tofauti hizi za llama na yaki zimo ndani ya jeni, na zimechujwa kwa maelfu ya miaka: asiyeweza alikufa bila mtoto.

Sasa, kuna njia ya pili ambayo haigusi jeni zenyewe, nayo ndiyo iliyonileta leo. Inaitwa epijenetiki.

Nyote mliopita chuo cha Kurani mnajua irabu, zile alama zinazotiwa kwenye herufi za Kiarabu. Chukua kafu, te na be. Ukizitia fatha zote, yaani sauti ya a, unasoma kataba, ameandika. Badilisha irabu unasoma kutiba, imeandikwa. Herufi hazikuguswa. Tia sukuni, herufi inanyamaa. DNA ni herufi. Juu yake mwili hubandika alama ndogo za kemikali, iliyo maarufu zaidi ikiitwa methili, na mara nyingi methili ikibandikwa mwanzoni mwa jeni, jeni ile hunyamaa kama iliyotiwa sukuni. Nyuki malkia na nyuki kibarua wana herufi zile zile. Chakula walicholishwa wakiwa wachanga ndicho kilichowatia irabu tofauti.

Turudi kwa mama mwenye mimba. Kondoo hubeba kwa siku 147 hivi, na kadiri mimba inavyokua, damu inayokwenda kwenye mji wa mimba huongezeka zaidi ya mara 20. Mishipa lazima ifunguke. Mfunguaji mkuu ni homoni ya estrojeni, lakini estrojeni haifanyi kitu mpaka ipate kipokezi chake kwenye ukuta wa mshipa. Ni ufunguo, nao wataka kitasa.

Huko California kuna mlima uitwao White Mountain. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Loma Linda waliwapandisha kondoo wenye mimba changa hadi mita 3,820 wakawaweka huko karibu mimba nzima. Walipoichunguza mishipa ya mji wa mimba, wakakuta jeni ya kile kipokezi cha estrojeni imebandikwa methili nyingi mwanzoni mwake. Jeni imenyamaa. Ufunguo upo, kitasa kimeondolewa. Kisha wakachukua mishipa ya kondoo wa bondeni, wakaiweka maabara kwenye oksijeni haba kwa siku mbili tu, na alama zile zile zikatokea. Wakatia dawa inayozuia methili kubandikwa, kipokezi kikarudi. Hapo ndipo nilipoketi kitako. Siku mbili!

Kwa nini hewa iweze kuandika haraka hivyo? Nadhani jibu zuri liko kwenye kufuta. Ubao wa chuoni ulikuwa ukioshwa kwa maji ili upate somo jipya. Maji yakikosekana, somo la jana linabaki. Baadhi ya vimeng'enya vinavyofuta alama za epijenetiki vinahitaji oksijeni kufanya kazi hiyo. Oksijeni ikipungua, si kwamba mwili umeamua kuandika, mara nyingine umeshindwa kufuta.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaoita kila alama ya mlimani "kuzoea". Kondoo wa bondeni ambaye mishipa yake imepoteza kitasa hajazoea, ameumia. Huko Putre, kaskazini mwa Chile, kondoo ambao ukoo wao umeishi mlimani vizazi vingi huota kondo la nyuma kubwa zaidi, na wanakondoo wao hawadhoofiki kama wa kondoo wageni kutoka bondeni. Na wageni walipopewa vitamini C na E wakati wa mimba, wanakondoo walizaliwa na uzito bora. Dawa rahisi kama hiyo nisingeitarajia.

Na msiende mkasema nyumbani kwamba kila alama hurithiwa. Kwa wanyama wanyonyeshao alama nyingi hufutwa kiinitete kinapoanza. Lakini kijusi chenyewe kilichokuwa tumboni siku zile za dhiki kinaweza kubaki na chake maisha yote.

Joseph Barcroft, mwanafiziolojia mzaliwa wa Ireland aliyepima damu ya vijusi vya kondoo, alilinganisha hewa ya tumboni na ya Everest. Damu ya kijusi ina oksijeni haba hata mama akiwa Likoni. Kila mtu humu ukumbini ameshaishi mlimani miezi tisa.

Sasa mzee wangu, jibu lako. Kinachopanda huku si mlima, ni joto. Shemeji yangu wa Kisauni aliwaleta ng'ombe wa gredi wawili kutoka Kinangop, wote na mimba. Walizaa salama, lakini zile mtamba zilipokua, maziwa yao hayakufika ya mama zao. Tukalaumu malisho. Huenda yalikuwa malisho. Lakini utafiti wa Florida umeonyesha kwamba ng'ombe aliyekaushwa maziwa, yaani aliyeachwa kukamwa kabla ya kuzaa, akapigwa na joto miezi miwili ya mwisho ya mimba, binti yake hutoa maziwa machache kuliko binti ya aliyepozwa, na kwenye tishu za ndama wale kumeonekana methili zilizobadilika.

Kwa hiyo ukiwa na kivuli kimoja na pampu moja ya maji, usimpe kwanza anayekamwa. Mpe yule aliyekaushwa, ambaye leo hakuletei hata kikombe. Najua ni vigumu kumweleza hivyo mtu anayelipa bili.

Haya, maswali. Tuanze na mama wa kanga nyekundu pale nyuma.