Kwanza Ukumbi, Kisha Spika Yako

Ndugu wapiga gitaa, na nyinyi mafundi mitambo mliokuja kuwasikiliza, karibuni. Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: "Nimenunua mtambo wa kidijitali unaoiga amplifaya ya gitaa, sasa ninunue spika gani?" Nami huuliza: hadhira itakusikia kupitia nini? Kama ni spika za ukumbi, basi sauti inayokwenda kwa fundi ndiyo sauti yako. Spika ya jukwaani ni ya masikio yako na ya wenzako.

Tuelewane kwanza kuhusu kabati la gitaa, yaani sanduku lenye spika ya amplifaya. Spika yake ya inchi 12, tuseme Celestion Vintage 30, sauti yake huporomoka ghafla ukivuka masafa ya takriban 5,000 Hz, na ndiyo inayoyafanya makwaruzo ya amplifaya yavumilike. Ndani ya mtambo wa kidijitali kazi hiyo inafanywa na faili linaloiga kabati pamoja na maikrofoni iliyo mbele yake. Ukiipeleka sauti hiyo kwenye kabati halisi, imechujwa mara mbili: inafifia, inakuwa kama mtu anayeongea akiwa amejifunika blanketi. Ukilizima faili na kupeleka sauti moja kwa moja ukumbini, watu watasikia mkwaruzo mkali usio na mwili. Makosa haya mawili ndiyo chanzo cha lawama nyingi zinazotupiwa mitambo hii, na haistahili.

Dawa ni kugawa njia. Helix, Kemper, Quad Cortex na mitambo mingine mingi inaruhusu: njia moja yenye faili la kabati iende kwa fundi, nyingine isiyo nalo iende kwenye amplifaya ya nguvu na kabati lako. Wanaopenda kabati kwa ule msukumo wa hewa miguuni nawaunga mkono kabisa. Ila msitengeneze sauti zenu kwa kulisikiliza hilo, kwa sababu ukumbi hausikii hilo.

Kwa wengi wenu ningependekeza spika ya masafa kamili isiyopendelea besi wala trebo, maana inakaribia kile kinachosikika ukumbini. Msidanganyike na wati. Kuzidisha wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu. Tazameni kiwango cha juu kabisa cha sauti na upana wa mtawanyiko wake. Na ielekezeni masikioni! Wengi huilaza ikapigia ndama za miguu, kisha wanaongeza trebo kumtesa aliyekaa mstari wa mbele. Kumbukeni pia kwamba ikigusa sakafu, besi huongezeka.

Vipokea sauti vya masikioni ni vizuri kwa jukwaa tulivu, lakini gitaa halitapata ule mtetemo wa spika unaorefusha noti.

Sasa kwa fundi. Mpe kebo ya XLR, mwambie kama umeweka kiwango cha maikrofoni (hafifu) au cha laini (chenye nguvu zaidi), na mwombe azime ile 48 V, umeme wa kuendeshea maikrofoni, kwenye njia yako. Kukiwa na mvumo, tumia swichi ya kutenganisha ardhi kwenye mtambo au kwenye kisanduku cha DI, kile kinachounganisha ala na mixa ya fundi. Kamwe usikate pini ya ardhi ya plagi ya umeme, hiyo inaua. Muulize kama ukumbi unapiga mono, yaani pande zote mbili za sauti zikiunganishwa kuwa moja, kwa sababu baadhi ya madoido ya stirio hufutana yakiunganishwa. Waya wa sita wa gitaa huanzia 82 Hz, kwa hiyo kata kilicho chini ya hapo, umwachie nafasi mpiga besi na dramu kubwa.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kiwango cha sauti. Watafiti wa usikivu Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio husikia besi hafifu sauti inapokuwa ndogo. Ndiyo maana sauti uliyoitengeneza chumbani usiku, imejaa na kung'aa, jukwaani inanguruma na kuchoma, na gitaa linapotea katikati ya bendi. Tengeneza kwa sauti ya onyesho, desibeli 90 hivi, kwa muda mfupi. Solo isiyosikika iongezee masafa ya kati kabla ya kuongeza volumu.

Wakati wa majaribio, rekodi kipande kifupi kwenye kirudishi cha mtambo wako, kiache kijirudie bendi ikipiga, ushuke ukasimame nyuma ya ukumbi karibu na fundi. Hapo ndipo mtakapokubaliana nini kipunguzwe.