Neva ya jicho na njaa ya nguvu: kazi ya Alfredo Sadun na maana yake kwa pwani yetu
(Mhadhara uliotolewa Lamu, baada ya sala ya isha)

Assalamu alaikum. Mashekhe wetu, walimu, wauguzi wenzangu, mama zangu na ndugu zangu, nawashukuru kwa kuja.

Usiku huu nitamzungumzia daktari mmoja wa Marekani, Alfredo Sadun, ambaye sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ameitumia katika Taasisi ya Macho ya Doheny, Los Angeles, akichunguza neva za macho, yaani mishipa ya fahamu inayopeleka uoni kutoka jichoni hadi kwenye ubongo. Nimemchagua kwa sababu ya swali ambalo amelishikilia kwa miongo kadhaa. Yako magonjwa ambayo asili zake hazifanani hata kidogo: moja ni la kurithi, la pili huletwa na chakula duni, la tatu na sumu, la nne na dawa ambayo mgonjwa amepewa hospitalini ili apone. Yote manne huiharibu neva ya jicho mahali pale pale na kwa namna ile ile. Kwa nini? Jibu la Sadun na wenzake limebadili namna madaktari wanavyomtazama mgonjwa ambaye jicho lake kwa nje ni safi, halina wekundu wala mtoto wa jicho, na bado analalamika kwamba haoni uso wa mtu aliye mbele yake.

Neva ya jicho ina nyuzi zaidi ya milioni moja, na kila uzi hutoka katika seli moja ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ukaenda mpaka ndani ya ubongo. Daktari wa neva za macho huifuata njia hiyo yote, na Sadun alianza kazi yake kwa kuichora upya. Mwaka 1984, yeye na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa juu ya ubongo wa watu waliokwisha kufariki, kwa kutumia rangi maalumu inayozionyesha nyuzi zilizokufa. Walionyesha kwamba binadamu naye, kama wanyama waliochunguzwa kabla yake, ana nyuzi zinazotoka retina hadi ile sehemu ya ubongo inayoongoza saa ya mwili, yaani nyakati za kulala na kuamka. Miaka miwili baadaye alikuwa miongoni mwa walioeleza kwamba wagonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu, hupoteza nyuzi za neva ya jicho. Kazi hizo mbili peke yake zingetosha kumpa mtu jina katika fani, lakini kwa maoni yangu uzito wake uko kwingine.

Uko Kuba. Baada ya Umoja wa Kisovieti kusambaratika, Kuba ilipoteza mshirika wake mkubwa wa biashara, na chakula na mafuta vikaadimika. Kati ya mwaka 1991 na 1993, watu zaidi ya 50,000, katika nchi ya watu wasiofika milioni 11, walipatwa na ugonjwa wa neva. Kwa wengine miguu na mikono iliwaka moto na kufa ganzi. Kwa wengine macho yote mawili yalififia taratibu katikati, rangi zikapauka, kusoma kukawa hakuwezekani, ingawa pembeni waliendelea kuona na kutembea bila ya kushikwa mkono. Wengi wao walikuwa watu wazima wa umri wa kufanya kazi. Watoto wadogo, wajawazito na wazee, ambao serikali iliwapa nyongeza ya mgao wa chakula, kwa kiasi kikubwa walisalimika.

Mwaka 1993 Sadun alikuwa mmoja wa wataalamu wa nje walioitwa kusaidia. Wako waliodhani ni kirusi, na si dhana ya kipuuzi, kwa sababu maradhi yanayoenea kwa kasi namna ile hushukiwa kuwa ya kuambukiza. Jambo la kwanza alilolifanya, nami naliona ndilo kubwa kuliko yote, lilikuwa kukaa na wagonjwa mmoja mmoja, kuwapima rangi, kuwapima eneo la kuona na kutazama neva zao, kisha kuwatenga wale ambao hawakuwa na ugonjwa huo kabisa, kwani hofu ilipoenea kila mwenye macho mabovu aliandikwa humo. Bila ya kusafisha orodha hakuna hesabu inayoaminika. Ni kazi ya uvumilivu isiyoandikwa magazetini.

Walipobaki wagonjwa wa kweli, picha ilijitokeza. Watu hawa walikula kidogo na mara nyingi waliruka mlo, walivuta sigara au biri, na baadhi walikunywa pombe ya kienyeji ambayo ndani yake kulipatikana methanoli kidogo. Mwili huigeuza methanoli kuwa fomati, ambayo ni sumu inayozuia seli kutengeneza nguvu, na ili kuiondosha fomati mwili unahitaji foliki, vitamini iliyomo katika mboga za majani na kunde. Mtu aliyeshiba, mwenye foliki ya kutosha, anaweza kukistahimili kiasi hicho kidogo cha sumu. Mwenye njaa hawezi. Kuanzia Mei 1993 serikali ya Kuba iligawa vitamini kwa wananchi wote, wimbi likashuka, na wengi waliotibiwa mapema walipata nafuu.

Jibu la swali letu la mwanzo liko hapa. Ndani ya kila seli mna mitokondria, vijumba vidogo vinavyotengeneza nguvu. Nyuzi zinazobeba uoni wa katikati, ule wa kusoma na kutambua rangi, ndizo nyembamba kuliko zote katika neva ya jicho, na zikiwa bado ndani ya jicho hazina ala ya mafuta inayozisaidia kupeleka ujumbe kwa gharama ndogo. Zinahitaji nguvu nyingi na nafasi ya kupitisha mitokondria ni finyu. Hali hiyo sisi watu wa Lamu tunaielewa: nyumba ya barabara ya pwani hupokea mzigo wake moja kwa moja kutoka mashuani, na nyumba ya ndani ya mtaa hungojea punda mmoja apite uchochoroni, siku punda wakipungua, ni wa ndani watakaolala bila ya unga. Kwa hiyo chochote kinachoidhoofisha mitokondria, kiwe njaa, sumu au kasoro ya kuzaliwa nayo, huzipiga nyuzi hizo kwanza.

Kasoro ya kuzaliwa nayo ndiyo iliyompeleka Sadun Brazil. Ugonjwa wa Leber, ulioelezwa na Mjerumani Theodor Leber mwaka 1871, huwapofusha zaidi vijana wa kiume, jicho moja kisha la pili baada ya wiki au miezi. Mwaka 1988 mtaalamu wa jeni wa Marekani, Douglas Wallace, na wenzake waligundua kwamba chanzo chake ni kasoro katika jeni za mitokondria, na mitokondria mtoto huzirithi kwa mama peke yake. Hapa kwetu ziko nasaba zilizoandikwa kwa uangalifu mkubwa, nyingi zikifuata upande wa baba. Kwa ugonjwa huu zingetusaidia kidogo sana, tungelazimika kuwauliza bibi zetu. Kuanzia mwaka 2001, Sadun, pamoja na Valerio Carelli, daktari wa neva wa Bologna, Italia, na madaktari wa Brazil, alirejea mara kwa mara kuichunguza familia moja kubwa mno ya huko, iliyotokana na mama mmoja mhamiaji kutoka Italia. Wengi katika ukoo huo wanabeba kasoro ile ile, na wanaopofuka ni baadhi yao tu. Walionyesha kwamba hata wabebaji wanaojiona wazima huwa na mabadiliko madogo katika neva, na kwamba uvutaji wa sigara ni miongoni mwa mambo yanayomsukuma mbebaji kuelekea upofu.

Katika matibabu nitakuwa mfupi, maana matumaini yametangazwa kuliko matokeo. Dawa ya idebenoni ilikubaliwa Ulaya mwaka 2015 na huwasaidia baadhi ya wagonjwa wa Leber. Tiba ya jeni, yaani ya kuzipa seli jeni iliyo nzima, ambayo Sadun ameshiriki majaribio yake, ilichomwa kwa sindano katika jicho moja na kwa mshangao wa watafiti hata jicho lisilochomwa likapata nafuu kiasi. Yote hayo ni ghali na yako mbali nasi.

Kilicho karibu nasi ni ile hoja yenyewe. Tangu mwaka 1988, madaktari wa Dar es Salaam wamekuwa wakiwapokea vijana, na hata watoto wa shule za msingi, wenye macho yaliyofifia katikati kama ya Wakuba, na baadhi yao wenye miguu inayowaka. Gordon Plant, daktari wa neva za macho wa London, na wenzake wa Tanzania waliueleza ugonjwa huo katika miaka ya 1990, na utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliuhusisha na upungufu wa foliki na moshi wa jikoni ndani ya nyumba. Huo ni mwambao wetu, chakula ni kile kile na jiko ni lile lile. Methanoli nayo tunaijua: Mei 2014, pombe iliyotiwa methanoli iliua watu wengi katika kaunti kadhaa za Kenya, na baadhi ya walionusurika walipofuka.

Kisha ziko dawa. Mtu mzima mwenye kifua kikuu hupewa ethambutoli katika miezi 2 ya mwanzo, na mwenye kifua kikuu sugu hupewa linezolidi kwa muda mrefu. Zote mbili zinaweza kuidhuru neva ya jicho, na kuhusu linezolidi Sadun na wenzake waliandika mwaka 2007 wakiuliza iwapo ni mitokondria inayoumia. Ethambutoli ikigundulika mapema kuwa inadhuru, mara nyingi uoni hurudi. Ikichelewa, huenda usirudi. Nasisitiza kwamba mgonjwa asiache dawa kwa uamuzi wake, kwa kuwa kifua kikuu kisichotibiwa huua. Aende kwa aliyempa dawa, aseme kwamba rangi nyekundu imepauka au maandishi yamefifia katikati, naye mhudumu asimjibu kwamba anahitaji miwani kabla ya kumpima.

Kipimo chenyewe ni kitabu cha rangi chenye nambari zilizofichwa katika vidoto, na kadi ya kusomea kwa karibu, jicho moja baada ya jingine. Nimevileta, viko pale mezani. Wenye kutumia dawa nilizozitaja watangulie, kisha wengine, na wauguzi wabaki nyuma kidogo tukubaliane namna ya kuandika matokeo katika kadi ya mgonjwa kila mwezi.