Kabla Hujasaini na Ajensi Uingereza

Habari zenu jamani, huko nyumbani mko salama? Leo naongea na nyie mnaokuja Uingereza kusoma, ambao mmeshaambiwa ajensi za kazi zimejaa, ukitua tu unaanza kubeba boksi. Zimejaa kweli. Ila mteja wa ajensi si wewe. Mteja ni mwenye ghala au nyumba ya wazee anayeilipa ajensi. Wewe ndiye unayekodishwa. Ndiyo maana rikruta, yaani mtu wa ajensi anayetafuta wafanyakazi, anakupigia mara tano kwa siku akikuhitaji, halafu shifti ikifutwa hapokei simu.

Kukutoza hela ya kukutafutia kazi ni marufuku hapa kwa sheria ya mwaka 1973, ukiacha fani chache kama uigizaji na uanamitindo. Wajanja wanapitia mlango wa nyuma: "lipia kwanza mafunzo yetu ndipo tukupe shifti." Hilo nalo haliruhusiwi. Na tangazo lisilotaja eneo wala malipo, mara nyingi wanakusanya CV tu.

Sasa sikilizeni hapa kwenye hela, maana hapa ndipo watu wanalia. Unaambiwa pauni 17 kwa saa. Uliza: nalipwa na ajensi yenyewe au kupitia ambrela? Ambrela ni kampuni ya katikati inayokuajiri kwenye makaratasi, na ile 17 si mshahara wako. Saa 20 ni pauni 340. Tuseme ambrela inachukua 20 zake. Halafu inakatwa bima ya taifa ya upande wa mwajiri, asilimia 15 ya kinachozidi pauni 96 kwa wiki, na tozo ya mafunzo ya kazi ambayo serikali inawatoza waajiri, asilimia 0.5 ya mshahara. Mshahara wako unabaki kama 289, na humo humo kuna malipo yako ya likizo. Kodi bado! Usipojaza fomu ya kuanzia kazi unaweza kupewa kodi ya dharura, ukakatwa asilimia 20 kuanzia pauni ya kwanza. Kabla ya kusaini, dai karatasi ya taarifa muhimu inayoonyesha makato yote kwa mfano. Ni haki yako tangu Aprili 2020.

Taimshiti, ile karatasi ya saa ulizofanya kazi, ipige picha kabla hujatoka kazini. Meneja asiposaini, au mteja akichelewa kulipa, ajensi hairuhusiwi kukunyima malipo kwa sababu hiyo peke yake. Inaweza kuhakikisha kwamba kweli ulifanya kazi, basi. Wakikuzungusha, andika barua pepe, acha simu. Acas, taasisi ya umma ya mambo ya haki za kazi, wanatoa ushauri bure kwenye 0300 123 1100.

Kwa wanafunzi wa digrii: saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea, Jumatatu hadi Jumapili, na ajensi zote unajumlisha. Ajensi ya pili haioni saa za ya kwanza. Jumapili jioni watakubembeleza uwaokoe na shifti moja tu, na atakayeulizwa na uhamiaji ni wewe. Kibaya zaidi ni mkataba unaosema umejiajiri mwenyewe. Viza ya mwanafunzi hairuhusu hilo hata kwa saa moja, kwa hiyo ukiuona, rudisha karatasi bila kusaini.

Waliotumiwa mkataba tayari, ficheni majina, wekeni kipengele cha malipo kwenye komenti tukisome pamoja.