Mary Bryant na Watoto Wake Wawili

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika.

Jioni hii namzungumzia Mary Bryant, binti wa baharia kutoka Fowey, mji mdogo wa bandari huko Cornwall, Uingereza. Wengi wanaomtaja humsifu kwa ujasiri wa kutoroka. Mimi naomba tuwatazame zaidi watoto wake, maana adhabu ya mama iliwaangukia wao, na hawakuwahi kuiba hata uzi.

Mwaka 1786 Mary na wanawake wenzake wawili walimvamia mwanamke njiani wakamnyang'anya kofia ya hariri na vitu vingine. Mahakama ya Exeter ikaamua anyongwe, kisha hukumu ikapunguzwa: miaka saba ng'ambo. Zamani wafungwa wa namna hiyo walipelekwa Amerika. Baada ya vita vya uhuru mlango huo ulifungwa, magereza yakafurika, serikali ikawarundika watu katika meli kuukuu zilizotia nanga bandarini. Mary aliwekwa katika mojawapo, iitwayo Dunkirk, pale Plymouth.

Sasa tupige hesabu. Septemba 1787, akiwa baharini katika msafara wa meli 11 ulioelekea New South Wales, koloni jipya la Uingereza huko Australia, Mary alijifungua mtoto wa kike, Charlotte. Ukirudi nyuma miezi tisa, unamkuta Mary yuko mikononi mwa serikali, chini ya ulinzi. Wanaohesabu makosa ya wanawake hawa wahesabu na hilo.

Walipofika Sydney, katika ardhi ya wenyeji wake, watu wa Eora, ambao hakuna aliyewauliza, Mary aliolewa na mfungwa mwenzake, William Bryant, mvuvi. William akapewa mashua za kuvulia samaki wa koloni. Alipokamatwa akiuza samaki kwa siri, alichapwa viboko 100, kisha akarudishwa baharini, kwa sababu watu walikuwa na njaa na wajuzi wa uvuvi walikuwa wachache. Mwaka 1790 akazaliwa Emanuel. Mwezi Machi mwaka huohuo meli Sirius, tegemeo la koloni, ilivunjika mwambani, na posho ya chakula ikakatwa tena.

Usiku wa tarehe 28 Machi 1791 waliiba mashua ya gavana. William alikuwa amepata dira, ramani na bunduki mbili kutoka kwa nahodha Mholanzi. Walikuwa 11: Mary na mumewe, wanaume saba, Charlotte wa miaka mitatu na Emanuel ambaye bado alikuwa mchanga.

Mmoja wao, James Martin, aliacha kumbukumbu ya safari ile. Ndani yake tunasoma jinsi mashua ilivyovuja, jinsi walivyokomba maji usiku kucha, na jinsi kila kitu kilivyolowa hata moto haukuwaka, wakatafuna mchele mbichi. Nawauliza akina mama mliopo hapa: mtoto wa mwaka mmoja unamlishaje mchele mbichi katikati ya dhoruba? Visiwani walipata kasa, wakakausha nyama yake, na hiyo ndiyo iliyowavusha. Baada ya zaidi ya miezi miwili na kilomita zipatazo 5,000, tarehe 5 Juni, waliingia Kupang, kituo cha Waholanzi katika kisiwa cha Timor, wote 11 wakiwa hai. Charlotte na Emanuel walikuwa hai!

Waliwaambia Waholanzi kwamba meli yao ilizama, lakini siri ilivuja. Nahodha Mwingereza Edward Edwards, aliyekuwa akiwasaka waasi wa meli Bounty, akawachukua wakiwa wafungwa. Huko Batavia (Jakarta ya leo), mji uliosifika kwa homa, Emanuel alikufa tarehe 1 Desemba 1791. Wiki tatu baadaye akafa William.

Kutoka Cape Town Mary na Charlotte walisafirishwa kwa meli Gorgon. Humo alikuwemo Watkin Tench, ofisa aliyesafiri na Mary mwaka 1787. Aliwatambua, na baadaye akaandika kwamba hakuweza kuwatazama watu hawa bila huruma na mshangao. Huruma hiyo haikumwokoa mtoto. Joto lilikuwa likiwaua hata watoto wa askari, na mwezi Mei 1792 Charlotte alikufa, akazikwa baharini. Alizaliwa melini akafia melini, na kosa lake mimi silijui.

Mary alifungwa gereza la Newgate, London. Mwandishi James Boswell ndiye aliyempigania, akaandika barua na kubisha milango ya wakubwa mpaka msamaha ukatoka Mei 1793. Hukumu yake ya miaka saba ilikuwa imekwisha zaidi ya mwezi mmoja kabla. Yaani walimsamehe baada ya kuwa amekwisha kulipa, na kulipa kupita kiasi.

Boswell aliendelea kuwapigania wanaume wanne waliosalia wa mashua ile, nao wakaachiwa Novemba. Mary alirudi kwao Cornwall, na Boswell akamwekea pauni 10 kwa mwaka. Boswell alifariki mwaka 1795.

Karibuni maswali.