Mnara wa Batumi: kuongoza ndege kwa skripti ndani ya DCS World

Mabibi na mabwana, DCS World, mchezo wa kompyuta wa kuiga urushaji wa ndege, huja na mnara wake wa kuongozea ndege, na unamtosha rubani anayefanya mazoezi peke yake. Seva ikijaa marubani, na ndege za kompyuta zikachanganyika nao, mambo huharibika: mmoja anaruhusiwa kutua na mwenzake bado yuko katikati ya njia ya kurukia. Wengi wanaotaka kujitengenezea mnara hukimbilia sauti. Sauti iwe ya mwisho. Kwanza skripti, yaani maagizo ya programu mnayoyaandika wenyewe, ijue, wakati wote, njia ile imeshikwa na nani.

Tuchukue uwanja wa Batumi, nchini Georgia, wenye njia moja inayoitwa 13 upande mmoja na 31 upande wa pili: ndege inaelekea karibu nyuzi 130 au 310 za dira. Maktaba iitwayo MOOSE, ya Lua, lugha ya programu inayoandikiwa skripti za DCS, ina sehemu ya kazi hii, FLIGHTCONTROL. Pakieni Moose.lua misheni inapoanza, skripti yenu ifuate. Mkigeuza mpangilio huo, skripti itakwama papo hapo. Mnara wa asili unyamazisheni kwa setRadioSilentMode, la sivyo rubani atapewa amri mbili zinazopingana.

Viwango vya kuanzia: ndege tatu zikitembea ardhini kwa mwendo usiozidi noti 25, na moja tu ikija kutua. Zinazosubiri zizunguke juu ya bahari, kwa sababu bara kuna milima, zikiachana futi 1,000. Ya chini ikitua, kila moja inashuka ngazi moja. Ndege za kompyuta zina ukaidi wake: zikishapewa kazi ya kutua, mchezo wenyewe ndio unaozipanga na skripti inabaki mtazamaji. Kwa hiyo zipeni kwanza kazi ya kuzunguka. Kazi ya kutua itolewe zamu ikifika.

Upepo nao ndio unaowaangusha wengi. Amri ya atmosphere.getWind inarudisha mita kwa sekunde, x ikiwa kaskazini na z mashariki, na inaonyesha upepo unakoelekea. Rubani anataka unakotoka. Tuseme x ni 3 na z ni -4. Kasi ni mita 5, karibu noti 10. Unaelekea nyuzi 307. Ongeza 180, ondoa 360, unatoka 127. Punguza nyuzi 6 za tofauti ya sumaku ya eneo la Caucasus, yaani kati ya kaskazini ya ramani na ya dira, unapata 121: njia ni 13. Ukisahau ile 180, utawatuma watu 31, upepo ukiwasukuma mgongoni. Tena pimeni mita kama 10 juu ya ardhi, kwani chini ya uso wa ardhi jibu ni sifuri, na mnara utatangaza shwari siku ya dhoruba.

Sasa sauti. Inapitia SRS, programu ya redio ya sauti ya wachezaji wa DCS, kwenye bandari ya mtandao namba 5002. Panga matamshi kwenye foleni, yasipandane. Ili Lua iweze kuita programu ya kusoma maandishi, fungua os, io na lfs, sehemu za Lua zinazogusa kompyuta na mafaili yake, katika faili la mchezo liitwalo MissionScripting.lua, kwa kuweka -- mwanzoni mwa mistari inayozifunga, ili Lua iiruke. Hapo umeondoa kinga: misheni yoyote utakayoiendesha inaweza kugusa mafaili yako, kwa hiyo usifungue ya mtu usiyemwamini. Sasisho la mchezo huweza kulirudisha faili hilo lilivyokuwa. Mnara ukinyamaza baada ya sasisho, kagua hapo kabla ya kugusa mstari wowote wa skripti yako.