Mama Brisby Mbele ya Bundi

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Leo tunairudia filamu ya katuni ya mwaka 1982, The Secret of NIMH, iliyoongozwa na Don Bluth. Naomba mniruhusu nikae sana kwenye tukio moja, maana humo ndimo ninamoiona filamu nzima.

Kwa ambao hawajaiona: Mama Brisby ni panya mdogo, mjane. Mwanawe Timothy anaumwa kichomi, na kumtoa nje kwenye baridi ni kumuua. Nyumba yao imo shambani, na msimu wa kulima umefika. Wakibaki, trekta litawasaga. Wakihama, mtoto atakufa. Anaambiwa akamwone bundi mkuu, ndiye mwenye busara. Lakini chakula cha bundi ni panya.

Basi anakwenda. Anaingia ndani ya shina la mti, giza tupu, mifupa imezagaa, utando umetanda kila pembe. Buibui mkubwa anamnyemelea kwa nyuma, naye hana habari. Mara unashuka mguu wenye kucha, unamponda yule buibui. Huyo ndiye mwenyeji. Macho yake yanawaka. Mama Brisby anatetemeka, sauti inakatika, na bado anaeleza shida iliyomleta. Wahusika wengi wa hadithi za wanyama wanaosema huzaliwa majasiri. Huyu anaogopa toka mwanzo hadi mwisho, na hakuna hata mara moja hofu hiyo inafanywa kichekesho. Kwangu mimi hiyo ni heshima kubwa kwa mtoto anayetazama.

Mwanga wa macho yale haukupatikana kwa rangi. Kwanza mchoro ulipigwa picha kama kawaida. Kisha filamu ikarudishwa nyuma ndani ya kamera, kila kitu kikazibwa isipokuwa macho, ikapigwa tena huku taa ikimulika kutoka chini. Yote hayo fremu kwa fremu, na sekunde moja ina fremu 24. Mama Brisby mwenyewe aliandaliwa mipangilio 46 ya rangi, kwani manyoya ya juani si manyoya ya gizani. Bluth, pamoja na Gary Goldman na John Pomeroy, walikuwa wameacha kazi Disney mwaka 1979 kwa sababu waliona ufundi wa namna hii unaachwa ufe.

Sasa lipo jambo linaloniuma. Katika kitabu cha Robert C. O'Brien cha mwaka 1971, ambacho filamu hii imetokana nacho, hakuna jiwe la uchawi. Panya wakubwa waliotoroka maabara ya NIMH, taasisi ya utafiti, waliojifunza kusoma, ambao bundi anamtuma Mama Brisby kwao, wanaihamisha nyumba kwa akili na vifaa vyao wenyewe. Kwenye filamu, nyumba inazama matopeni na jiwe jekundu linaiinua. Muziki wa Jerry Goldsmith unapaa, macho yanashiba, nami kila mara najiuliza: mama aliyesimama mbele ya bundi alihitaji jiwe la nini? Na wale panya, elimu yao imekwenda wapi?

Lakini itazameni mikono yake baadaye. Imefungwa bendeji, kwa kuwa jiwe lilimuunguza. Wachoraji wangeweza kuiacha mizima wala hakuna ambaye angelalamika. Wakachora kidonda. Hilo linanipunguzia manung'uniko, ingawa halijayamaliza.